Chumba cha Katubuka

Ninajua Kiha. Ninakijua chote, pamoja na matusi yake. Nimelikana jambo hili kwa zaidi ya miaka thelathini, mbele ya walimu, marafiki, mume mmoja na wauguzi wa wodi ya wanawake, na kama si kutafuta chumba cha kupanga ningeendelea kulikana mpaka naingia kaburini, tena kwa Kiswahili sanifu.

Nilianza nikiwa kidato cha kwanza, shule ya bweni mbali na nyumbani. Wenzangu waliniuliza natoka wapi, nikasema Kigoma, na msichana mmoja akauliza kama baba yangu ndiye yule Muha anayeuza kahawa kituo cha mabasi cha mjini kwao. Bweni zima lilicheka. Kesho yake nilijirekebisha. Nikasema mimi si Muha, mimi ni mtu wa Ujiji. Watu wa Ujiji ni Waswahili wa miaka mingi, wanazaliwa na Kiswahili mdomoni, wanapika pilau, na hakuna anayewacheka. Mimi nilizaliwa Ilagala, karibu na mto Malagarasi unapoingia ziwani. Mama alilima muhogo na kuanika dagaa. Ujiji nilikuwa nimefika mara mbili, zote mbili kwa ajili ya jino.

Uongo ule ulinikaa vizuri kuliko sare ya shule. Chuo kikuu nikasomea lugha, lugha za watu wengine. Baadaye, nilipoanza kujipatia riziki kwa kuandika makala, niliandika moja ndefu ya kuwahimiza wazazi wawafundishe watoto lugha za nyumbani. Nilialikwa kuisoma kwenye warsha hotelini, nikapewa posho na begi la kitambaa. Mzee mmoja ukumbini aliuliza lugha yangu ya nyumbani ni ipi. Nikajibu, kwa huzuni niliyoiona inanipendeza, kwamba sisi wa Ujiji tumebaki na Kiswahili tu. Watu walitikisa vichwa. Begi lile bado ninalo. Ndilo nililobebea nguo nilipoitwa nyumbani kumuuguza mama.

Mama alikuwa akinisemesha Kiha, mimi namjibu kwa Kiswahili. Ilikuwa hivyo miaka yote, ana kwa ana na kwenye simu, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulisema. Katika wiki zake za mwisho hospitalini, Kiswahili chake kidogo kilimtoka chote, kikabaki Kiha peke yake. Muuguzi wa zamu, dada aliyehamishiwa Kigoma kutoka mkoa mwingine, aliniuliza, "Unaelewa anachosema bibi?"

"Kidogo," nikasema.

Alikuwa anaomba nimgeuze alale upande wa dirisha. Nilimgeuza. "Haya mama, tayari," nikamwambia kwa Kiswahili, na akaniangalia kama mtu aliyehudumiwa vizuri na mgeni. Alifariki siku ya tatu yake.

Sikulia msibani. Wengine walisema nina moyo mgumu, wengine walisema ni elimu. Ukweli ni kwamba sikuwa nasikia kitu chochote. Mnajua mtu akikalia mguu muda mrefu, anauona upo, anaugusa, lakini ni kama wa mtu mwingine. Ndivyo nilivyokuwa, mwili mzima, na nilikuwa nakula na kuoga na kujibu salamu kama kawaida.

Baada ya matanga nilikaa kwa mama mdogo, mtaa wa Mwanga, mjini Kigoma. Dar es Salaam sikuwa na pa kurudi. Vyumba vyangu viwili vya kule vilipandishwa kodi nikavirudisha kabla ya safari, na kazi yangu ya kuandika makala na kunyoosha miswada ya watu haichagui mji. Mama mdogo ana nyumba ya vyumba vitatu. Mwanawe alikuwa amepata uhamisho wa kurudi Kigoma na mke na watoto wanne, na wangefika mwisho wa mwezi. Mama mdogo hakunifukuza. Siku moja tu nilimkuta anapima kitanda changu kwa mkono, kutoka kichwani hadi miguuni, huku akihesabu watoto.

"Nilikuwa naangalia tu, mwanangu," akasema.

Kwa hiyo nilihitaji chumba kabla ya mwisho wa mwezi, cha kunitosha mimi na sanduku la bati la mama, na kisizidi elfu hamsini, kwa sababu makala zangu zinapendwa sana na hazilipi. Nikikosa, ningerudi Ilagala kwenye nyumba ya mama. Nyumba ile ilikuwa imefungwa tangu msiba. Ufunguo ulikuwa kwangu, na nilikuwa nimejaribu mara moja kuingia. Nilifika mlangoni, nikaona ndala zake, nikarudi barabarani kusubiri gari la mjini. Sikulia hata hapo. Nilijua tu kwamba pale siwezi kulala.

Nilipata dalali. Alikuwa mwanaume wa umri wangu, mwenye pikipiki na simu mbili, zote zikiita. Sharti lake la kwanza lilikuwa hela ya kuonyeshwa, ambayo hulipwa kabla hujaonyeshwa. La pili lilikuwa kodi ya mwezi mmoja kama haki yake ukipata chumba.

"Na nisipopata?"

"Utapata, mwalimu." Nilikuwa nimemwambia naandika, akaona aniite mwalimu. "Mimi sijawahi kumlaza mteja nje."

Alianza na Gungu. Chumba kilikuwa kizuri, kina choo cha ndani chenye vigae vya bluu, na bomba ambalo dalali alilifungua kwa madaha. Likakohoa. Mpangaji wa chumba cha pili alitoa kichwa dirishani akasema maji hutoka Jumanne. Nikauliza Jumanne ipi. Akarudisha kichwa ndani.

Kisha akanipeleka Katonga, juu ya mwalo wa samaki, mahali ambapo harufu ya dagaa wanaoanikwa inakupokea kabla ya mwenyeji. Mimi harufu hiyo nimekulia ndani yake, lakini nilishika pua, maana mtu wa Ujiji angeshika pua. Mwenye nyumba alikuwa mzee mwenye kofia ya pamba. Aliniuliza mume yuko wapi.

"Tuliachana, mzee."

"Atakuja kukutembelea?"

"Hapana."

"Na wengine?"

"Wengine akina nani?"

"Ndiyo nakuuliza wewe."

Dalali alikohoa kama bomba la Gungu, tukaondoka. Njiani aliniambia ningesema mume yuko safarini. Nikamwambia mimi huwa sisemi uongo. Nililisema hilo nikiwa nimepanda nyuma yake, kwa lafudhi niliyoiazima bwenini.

Chumba cha tatu kilikuwa Katubuka. Siku zilikuwa zimebaki tisa.

Tulifika asubuhi, jua likiwa bado la kuvumilika. Uani wanawake wawili walikuwa wameketi kwenye mkeka wakichambua dagaa kwenye ungo, wanatoa mchanga na vijiti. Mmoja alikuwa mwenye nyumba, mjane mwembamba wa miaka kama sabini, aliyevaa kitenge cha kanisani. Mwingine alikuwa jirani yake, mnene, wa sauti ya kuita ng'ambo ya bonde. Kwetu mwanamke akiwakuta wazee wameketi huinama, hupiga makofi mepesi ya viganja, na salamu huchukua muda wake: za nyumbani, za watoto, za mashamba, za mvua. Mimi nilisimama wima kama mkaguzi.

"Shikamooni."

"Marahaba," akasema mwenye nyumba, kisha akaongeza, "Mwakeye," na kuniangalia akisubiri.

"Samahani mama, Kiha sikijui. Mimi ni mtu wa Ujiji."

"Ujiji ipi?" akadakia jirani. "Ujiji kwa nani?"

"Ujiji kule, karibu na msikiti."

"Upi? Maana iko mingi kama vioski."

Dalali aliniokoa kwa kufungua mlango wa chumba. Kilikuwa cha mwisho kwenye mstari wa vyumba vinne, sakafu ya saruji iliyong'arishwa, dari zima, choo cha nje kisafi. Kilikuwa na mita yake ya umeme, mtu hagombani na mwenzake kuhusu pasi. Dirishani, katikati ya mabati mawili ya jirani, kilionekana kipande cha ziwa, upana wa kanga iliyokunjwa. Sikufurahi. Nilikuwa sifurahi kitu siku hizo. Lakini niliona kwamba sanduku la mama litaenea chini ya dirisha, na hilo ndilo jambo la kwanza nililolitaka tangu azikwe.

Tulirudi uani. Dalali akaniambia kwa Kiswahili, "Mwalimu, hiki ni themanini." Halafu wote watatu wakageukia Kiha, kwa raha, kama watu waliofunga mlango. Nayaandika hapa kwa Kiswahili.

"Themanini ya nini?" mwenye nyumba akamuuliza dalali. "Mimi nilikwambia hamsini."

"Mama, huyu katoka Dar. Wana hela. Inayozidi tutagawana."

"Hela gani?" akasema jirani. "Angalia viatu vyake. Na amesimama kama nguzo ya umeme, hata kuamkia hajui. Mama yake alimfundisha nini?"

"Muache, amefiwa," akasema mwenye nyumba. "Kanyoa nywele, huoni?"

"Kafiwa na nani? Kama ni mume, ataleta wanaume. Kama ni mama, ataleta ndugu. Wewe huponi."

Dalali alicheka. Mimi niliangalia ziwa kwa uso wa mtu asiyeelewa. Uso huo ninao, nimeufanyia kazi.

"Mimi shida yangu siyo hiyo," mwenye nyumba akasema taratibu. "Shida ni Kiswahili chake. Kimenyooka mno. Wa Ujiji nawajua, wanaongea kwa kucheka, wanakata maneno. Huyu anaongea kama redio. Asije akawa ni Mrundi aliyesoma, anayeficha kwao. Yule mpangaji wangu wa mwaka jana alisema ni wa Kasulu, nikaitwa ofisi ya mtaa mara tatu, wananiuliza karatasi zake, kana kwamba nimemzaa mimi. Alikuwa mtu mzuri, lakini sina miguu ya kupanda kule tena."

"Mwambie kimepata mtu," akasema jirani. "Halafu anataka kukanyaga ungo wangu huyu, kisigino kile."

"Kisigino kina ufa kama shamba la kiangazi," akasema dalali. Nikasogeza mguu, nikaendelea kuangalia ziwa.

Ningeweza kusema. Neno moja lingetosha. Ningeinama, nikapiga viganja, nikawaambia natoka Ilagala, na mwenye nyumba angenitajia ukoo wangu kabla sijamaliza. Lakini nilikuwa nimeshasema Ujiji. Nilikuwa nimeshasikia habari ya viatu vyangu, na ya mama yangu alinifundisha nini. Ukishasikiliza watu kwa dakika kumi kwa uso wa gogo, huwezi tena kugeuka mtu mbele yao bila sote wanne kuona haya. Basi nikanyamaza, na chumba nilichokitaka kikaondoka mbele yangu kwa lugha niliyonyonyeshwa.

Mwenye nyumba akarudi kwenye Kiswahili. "Mwanangu, chumba nilishamuahidi mtu. Nitaangalia. Niachie namba."

Alinipa daftari la mjukuu, nikaandika namba nyuma ya hesabu za kugawanya. Nilikuwa na mwandiko mzuri hata siku ile.

Tulipofika barabarani dalali aligeuza shingo. "Yule mama ana masharti magumu. Lakini nimekutetea sana, mwalimu."

"Nimeona," nikasema. Alikuwa amenitetea kwa elfu thelathini.

Nilimsimulia mama mdogo mchana ule tukila ugali wa muhogo na samaki wa mgebuka. Nilidhani atakasirika kwa niaba yangu. Alicheka mpaka akaweka tonge chini.

"Ujiji! Wewe? Ulizaliwa nimekushika mimi, kule Ilagala, mvua inaingia mlangoni. Ujiji kwa nani?"

"Ni mazoea tu, mama mdogo."

"Mazoea." Akaacha kucheka. "Dada alikuwa anajua, lakini. Kwamba unakikataa."

"Alisema?"

"Aliniuliza siku moja kama amekukosea nini. Nikamwambia watoto wa shule ndivyo walivyo." Alichukua tonge lake. "Nenda Katubuka ukamwamkie yule mama vizuri. Ni hivyo tu. Siyo kazi ya digrii."

Nilisubiri maneno yale yaniume. Yalifika, nikayaona yamefika, yakakaa pamoja na mengine. Nikaosha vyombo.

Sikwenda Katubuka. Nilikaa kitandani, kitanda ambacho kilikuwa kimeshapimwa, nikanyoosha mswada wa mtu kuhusu ufugaji wa kuku. Dalali alipiga simu kunitangazia chumba Kibirizi ambacho hakina dari, akasema hewa inakuwa nzuri. Siku zikabaki saba. Nilitoa ufunguo wa Ilagala kwenye mkoba nikauweka juu ya sanduku la bati, ili nianze kuuzoea.

Asubuhi ya siku iliyofuata nilikuwa uani nikianika nguo. Namba nisiyoijua ikapiga.

"Mwakeye," ikasema sauti. Nilimtambua papo hapo. Sauti ya kitenge cha kanisani.

Alisubiri kwa raha zake, kama mtu ambaye salio analo, na nikasikia kuku wa kwake wanapita karibu na simu.

"Mwakeye," nikasema.

Lilitoka vizuri. Nilitarajia litakuwa na kutu. Hakuuliza kwa Kiswahili tena, na mimi sikurudi huko.

"Siku ile ulisogeza mguu," akasema.

"Mguu gani?"

"Wa karibu na ungo. Jirani yangu alisema kwa Kiha kwamba utaukanyaga, ukausogeza. Hata hukuangalia chini. Nimekaa siku tatu nauwaza mguu huo."

Sikukumbuka kuamua kuusogeza.

"Jirani anasema hiyo haina maana, hata Mrundi angesikia, lugha ni ndugu. Nikamwambia Mrundi angeamkia kwa Kiha kabla hajafika kwenye mkeka, ili apate chumba. Anayekijua halafu akakikana ni wa hapa hapa. Ni watoto wetu tuliowasomesha. Mimi ninao wawili Dar." Akakohoa kidogo. "Kwenu wapi?"

"Ilagala."

"Umefiwa na nani?"

"Na mama."

"Pole, mama. Alikuwa anaumwa?"

"Muda mrefu. Alikuwa anataka kulala upande wa dirishani." Sijui kwa nini nilimwambia hilo. Nilisikia sauti yangu ikisema dirisha kwa namna mama alivyokuwa akilisema, na mkono ulioshika kanga mbichi ukaanza kunichonyota, toka vidoleni kwenda juu. Nilidhani ni baridi ya maji.

"Chumba ni hamsini," akasema. "Siyo themanini. Dalali umpe haki yake ya mwezi mmoja, hamsini, akitaka zaidi aje kwangu. Na karatasi ya ofisi ya mtaa uiendee mwenyewe, mimi miguu yangu unaijua."

"Ndiyo, mama."

"Unakuja na nini?"

"Sanduku la mama," nikasema.

"Basi lilete. Njoo na kufuli lako, la kwangu lina kutu. Na ukifika umsalimie jirani kwanza, maana anaona aibu kwa yale ya viatu, na sasa ananiambia..."

Hapo salio lake likaisha. Nilibaki nimeweka simu sikioni, kanga inatona maji miguuni, bado natafuta neno la kushukuru.